Kisanduku cha Sikukuu Kitoke Mkononi mwa Mtoto

Shule zimefungwa, mvua zimeshika, na watoto wako nyumbani mpaka Januari. Majuma haya ya kuelekea Krismasi mazungumzo katika nyumba nyingi ni yale yale: nani atashonewa, nani anunuliwe viatu, kuku atatoka wapi, soda itanunuliwa kreti au chupa moja moja. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba katika mipango yote hiyo mtoto amepewa kazi moja tu, nayo ni kupokea. Anavishwa, analishwa, anapewa hela ya kwenda kutembea. Pwani na Visiwani ni vivyo hivyo wakati wa Idi: watoto huzunguka kwa jamaa na majirani kutoa mkono wa Idi, na hurudi na vijisenti mfukoni. Sina ugomvi na furaha hiyo. Mtoto asipofurahi sikukuu atafurahi lini? Hoja yangu jioni hii ni kwamba sikukuu ina nusu ya pili, ile ya kutoa, na nusu hiyo tumewanyima watoto wetu. Njia nyepesi ya kuwarudishia ni kuwaachia kazi ya kutengeneza visanduku vya karatasi kwa mikono yao, wavijaze kashata, visheti au bisi, kisha wavipeleke wenyewe kwa majirani wanaowachagua.

Swali la kwanza litatoka kwa mama zetu: kwani sahani imekosa nini? Ni swali zuri, na linastahili jibu refu kidogo. Desturi ya sahani ni desturi ya heshima. Siku ya Idi nyumba ya Waislamu hupeleka pilau kwa jirani Mkristo, siku ya Krismasi sahani hugeuza njia, na juu yake hufunikwa kawa au kitambaa safi. Lakini sahani ina kanuni yake ambayo haikuandikwa popote: hairudi tupu. Aliyepokea pilau hurudisha chombo kikiwa na maandazi, na asiye na maandazi hutia japo ndimu mbili au sukari kidogo. Kati ya nyumba mbili zenye uwezo unaolingana, kanuni hiyo inapendeza, kwa kuwa inawafanya watu wagongeane hodi mara mbili badala ya mara moja. Kwa mjane ambaye mahindi yake yalikwisha Novemba, au kijana wa machimboni aliyepanga chumba kimoja na mali yake ya jikoni ni sufuria moja, sahani ya watu inayongoja kurudishwa ni deni, tena deni ambalo kila anayeingia analiona. Wapo wanaokaa nayo wiki tatu kwa haya. Wapo ambao tumeacha kuwapelekea kabisa, tukijiambia kwamba tunawahurumia, kumbe tumewatoa katika mzunguko. Kisanduku cha karatasi hakidaiwi. Kilichomo kikiliwa, chenyewe kinakuwa cha kuwashia jiko, na hesabu imeishia hapo.

Mwenye kupenda hoja atanijibu kwamba deni ndilo linalojenga ujirani, na kwamba zawadi isiyodai kitu haifungi watu. Ana haki ya kusema hivyo, na hayuko peke yake. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwa mifano ya jamii nyingi kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Naikubali hoja hiyo nusu. Baina ya watu wazima wanaolingana, wajibu wa kurudisha ni gundi. Baina ya aliye nacho na asiye nacho, wajibu ule ule unageuka ukuta, kwa sababu asiyeweza kurudisha huanza kukwepa kupokea. Hapo ndipo mkono wa mtoto unapofaa. Hakuna mtu mzima anayeweka daftari la deni na mtoto wa miaka tisa. Anamshukuru, anamuuliza jina na darasa, anamuuliza nyumbani kwao ni wapi, na kesho yake wakikutana njiani kuna salamu ambayo jana haikuwapo. Marejesho yamekuja, ila yamekuja kwa sura ambayo maskini pia anaimudu. Kwa hiyo siombi sahani ivunjwe. Iendelee na safari zake za kawaida, na kisanduku kiende kule ambako sahani inasita.

Na kwetu Katavi, sehemu ambazo sahani inasita ni nyingi kuliko tunavyokiri. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini mchanganyiko wa watu wake ni wa siku nyingi. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wameishi na Wafipa na Waha. Reli iliyoletwa mpaka Mpanda enzi za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi ilileta na watu. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao. Watumishi wa serikali wanahamia na kuhama. Na Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanza miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, leo ni vijiji vya Watanzania. Walipopewa uraia pamoja na wenzao wa makazi ya Ulyankulu walikuwa zaidi ya watu 160,000, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Cheti hutolewa na serikali, lakini kualikwa kula sikukuu hakutolewi na ofisi yoyote. Ukiishi Makanyagio, Nsemulwa au Kawajense, hapa Mpanda mjini, jirani wa ukuta kwa ukuta huenda si ndugu yako, si wa kabila lako wala si wa kanisa au msikiti wako. Sahani zetu hufuata njia za undugu na ibada. Mtoto hazijui vizuri njia hizo. Yeye anajua nani anacheza naye, nani ana embe uani, na bibi gani hapendi mpira uanguke kwenye bustani yake. Orodha yake ya majirani ni sahihi kuliko yetu, kwa maana halisi ya jirani: mtu aliye karibu.

Pingamizi la pili ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu yaliyotoka kwenye simu. Yapo ya Wazungu, sikatai: utepe unaong'aa, vumbi la rangi linalobaki mikononi siku nne, sanduku lililochapwa picha ya theluji kupelekwa kwa mtu wa Mpanda. Hayo tuyaache dukani. Lakini karatasi iliyokunjwa ikabeba kitu cha kula si ngeni kwetu. Muuza karanga yeyote pale stendi hukunja kipande cha karatasi kikawa pembe, akapinda ncha, akamimina karanga, na mkono wake haukosei. Watoto wetu hawahitaji kufundishwa kwamba boksi linaweza kugeuka kitu kingine. Wao ndio wanaotengeneza malori ya maboksi yenye magurudumu ya visoda, na mipira ya makaratasi na matambara. Ni kweli kwamba Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi katika shughuli za kila siku kwa kuona kwamba vidole vikifanya kazi akili hufuata. Alichokiona darasani, sisi tunakiona uani kila likizo. Tofauti ni kwamba tunakiita mchezo, tukakifagia jioni pamoja na takataka. Tena tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, mtu mwenye kujua kutengeneza kibebeo cha karatasi kwa kilichopo ndani ana ujuzi wenye soko.

Nieleze kisanduku chenyewe, maana redio haina picha. Tafuta boksi jembamba, la dawa ya meno, la chai au la biskuti, au karatasi ya manila. Mtoto apime mraba wa sentimita 18 kila upande. Katika kila pembe achore mraba mdogo wa sentimita 3, aiunganishe miraba hiyo kwa mistari, kisha achukue kalamu ya wino iliyokwisha, aiburute kwenye mistari kwa rula ili karatasi ipate mfereji. Pasipo mfereji huo mkunjo utapinda. Akate pembe zile nne, ainue kuta, azigandishe kwa vipande vidogo vya karatasi. Ana sanduku. Sasa mwulize swali ambalo walimu wa hisabati watalipenda: ungekata pembe za sentimita 2 au 4, sanduku lingebeba zaidi au kidogo? Wengi watasema kuta ndefu hubeba zaidi. Wapewe mchele wapime. Pembe za sentimita 2 zinatoa sanduku la 14 kwa 14 kwa 2, yaani sentimita za ujazo 392. Za sentimita 4 zinatoa 10 kwa 10 kwa 4, yaani 400. Za sentimita 3 zinatoa 12 kwa 12 kwa 3, yaani 432, na hakuna kata nyingine itakayolipita hilo. Mtoto wa darasa la tano aliyeona mchele ukifurika sanduku moja na kupwaya katika jingine hatahitaji kukaririshwa ujazo ni nini. Mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu, toleo la 2023, unazungumza sana juu ya ujuzi na umahiri kuliko kukariri. Hapa upo mezani, bila kitabu.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watu walichukua majembe wakasahau jambo jingine alilolisema: kwamba wanafunzi washiriki kuamua juu ya kazi wanayoifanya, ili shamba la shule lisiwe kibarua kilichovaa sare. Nalitaja kwa sababu kazi hii ya visanduku inaweza kuharibika kwa namna hiyo hiyo. Mama akichagua rangi, akakata, akakunja, akaandika majina, na mtoto akaachiwa kupaka gundi tu, hakuna alichotoa mtoto. Amekuwa msaidizi wa zawadi ya mtu mwingine. Visanduku vitatoka vizuri, vitapigwa picha na kuwekwa kwenye status, na somo litakuwa limekufa. Kisanduku cha mtoto kitakuwa kimeinama upande mmoja. Kiachwe kiiname. Mpokeaji akikiona anajua mara moja kimetoka kwa nani, na hiyo ndiyo thamani yake yote.

Penye chakula, hata hivyo, mtoto asiachiwe kila kitu, na wanaopinga kwa ajili ya usafi nawaunga mkono kabisa. Karatasi ya gazeti na ya daftari lililoandikwa ina wino, isiguse chakula. Ndani ya kisanduku liwekwe jani la mgomba lililopitishwa haraka juu ya moto mdogo, ambalo hulainika na kuacha kupasuka, kisha lifutwe kwa kitambaa safi. Gundi ya uji wa muhogo inafaa, ila ipakwe nyembamba: Desemba yetu ina unyevu, na gundi nene haikauki, inaota ukungu na kuita mende. Karanga zichambuliwe moja moja, na hii ni kazi ya watoto hasa, maana macho yao ni mazuri na midomo yao inapenda kukaa karibu na ungo. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia nafaka, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshikwa na sumu hiyo kwa urahisi, na kukaanga hakuimalizi. Kuyeyusha sukari ni kazi ya mtu mzima tu. Sukari iliyogeuka rangi ya dhahabu ina joto linalopita mbali lile la maji yanayochemka, tena inaganda kwenye ngozi. Mtoto akae mbali mpaka kashata zimwagwe kwenye sinia, zisawazishwe, zikatwe zikiwa vuguvugu, zipoe.

Wa Inyonga na maeneo ya nyuki wataniuliza mbona sijataja asali, na misitu yetu ya miyombo inaitoa kwa wingi, kwenye mizinga ya magome na ya kisasa. Asali naiheshimu, ila kwa kashata za msimu huu ina kasoro: inavuta unyevu wa hewani. Kashata za asali zilizopikwa Jumatatu ya mvua, Jumatano zimeshikamana kuwa bonge moja. Itiwe kwenye bisi zitakazoliwa siku ile ile, au ipelekwe kwenye kichupa chenye kifuniko, kisanduku kikiwa vazi lake. Na nyumba yenye mtoto aliye chini ya mwaka mmoja iambiwe asilambishwe, kwa kuwa asali inaweza kumletea mtoto wa umri huo ugonjwa mbaya.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Desemba ni mwezi wa shamba. Kule Kakese na Mwamkulu kuna mpunga, kwingine palizi ya mahindi imeanza, na mikono ya watoto inahitajika. Mzazi anayesema hivyo hatanii, na simwambii aache palizi akunje karatasi. Ila mvua ile ile inayotupeleka shambani ndiyo inayotufungia ndani alasiri nzima, na saa mbili za mvua kubwa zinatosha visanduku sita. Linalonisumbua zaidi ni nani atafanya kazi hiyo ndani ya nyumba. Tukisema watoto wapike vitafunwa, tunajua tumesema wasichana. Kaka atakuwa barazani akingoja kuonja. Faida mojawapo ya kisanduku ni kwamba kazi yake ina vipimo, mkasi na ubunifu, mambo ambayo wavulana hawayaonei haya, na yule aliyetengeneza lori la maboksi Novemba hana pa kujificha Desemba. Akishaketi mezani kwa ajili ya rula, apewe na ungo wa karanga. Wala isihesabiwe kuwa tunawatumikisha watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi ya unyonyaji, ile inayomdhuru mtoto au kumnyima shule na maendeleo yake. Kazi nyepesi ya nyumbani anayoielewa, akaichoka na kuiacha apendapo, haimo humo.

Kuna wengine watakaokuja na wazo ambalo siku hizi limetapakaa kila mahali: watoto wauze. Ujasiriamali uanze mapema, visanduku vipangwe pale Soko la Buzogwe, faida ikanunue madaftari. Sina dharau na biashara. Kashata zimesomesha watu nchi hii. Lakini mtoto wetu tayari anaijua biashara, anatumwa dukani kila siku, anajua bei ya mafuta ya kupimiwa kuliko baba yake. Asichokijua ni kumaliza kazi nzuri kisha akaitoa bure, kwa hiari, kwa mtu asiyemwogopa na asiyemtegemea. Ukimfundisha kwanza kuuza, kila kisanduku atakachokitengeneza baadaye atakiona na bei yake juu. Mwakani auze. Mwaka huu agawe.

Gharama si ya kututisha. Nusu kilo ya karanga na robo kilo ya sukari, maboksi yaliyokuwa yaende jikoni, majani ya mgomba wa jirani. Nyumba isiyo na sukari itie bisi au karanga za chumvi. Kwa sababu ya unyevu, masanduku yatengenezwe mapema wiki hii na yawekwe juu ya kabati, lakini kashata zisipikwe kabla ya tarehe 23. Zipelekwe mkesha wa Krismasi, au tarehe 26, siku ambayo kalenda zetu zimeiandika kuwa ya kufungua zawadi na ambayo wengi hatuipangii shughuli. Halafu kuna ile orodha. Mtoto aachwe aitunge mwenyewe, na mzazi ajiandae, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa itakuwa na nyumba ambayo yeye mzazi hasalimiani nayo tangu kesi ya mpaka au ya mbuzi aliyekula mchicha. Mtoto hakuambiwa kuhusu kesi ile, au aliambiwa akaona haimhusu, kwa kuwa mtoto wa nyumba ile ndiye mlinda mlango wa timu yao. Mzazi ana njia mbili: kulifuta jina hilo, au kunyamaza. Namshauri anyamaze. Asitume salamu kupitia kisanduku, asimwelekeze mtoto maneno ya kusema, wala asichungulie dirishani kuona kimepokewa vipi. Na mtoto akirudi, asiulizwe walisema nini huko.